Kabla Hujaweka Hati ya Shamba Benki

Rafiki yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka Mombasa. Nimefurahi sana kusikia kwamba umeshinda zabuni ya kupeleka vyakula katika hospitali ya kaunti yenu. Umeniuliza iwapo ni vyema uchukue mkopo wa benki kwa LPO uliyopewa, yaani hati ya kaunti ya kuagiza bidhaa, na hati ya shamba la mama iwe dhamana. Ushauri wangu ni kwamba hati ya shamba usiitoe.

Asilimia 30 ya zabuni za serikali iliyotengewa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ni haki yako, na sitaki uogope kuidai. Ninachohofia ni malipo. Benki hudai kwa tarehe, na riba huanza kuhesabiwa tangu fedha zinapoingia kwenye akaunti yako, ilhali kaunti hulipa itakapopenda. Ukishapeleka maharagwe na unga, ankara yako itapita meza baada ya meza, na kwenye mojawapo ya meza hizo faili haitaonekana mpaka umwone mwenye meza.

Jirani yangu hapa dukani, aliyepeleka vifaa vya kuandikia katika ofisi moja ya umma, aliambiwa waziwazi na karani kwamba wenzake waliotoa asilimia 10 walikuwa wameshalipwa. Alikataa kutoa. Mkopo wake ukapita siku 90 bila kulipwa, ukahesabiwa kuwa mkopo mbaya, na jina lake likapelekwa CRB, yaani shirika linalotunza rekodi za wakopaji. Alipolipwa hatimaye, alimaliza deni lote, lakini taarifa ya aina hiyo hubaki kwenye rekodi kwa miaka 5 tangu deni linapokamilika. Leo anaongeza bidhaa dukani kwa fedha za chama na mikopo ya simu yenye riba kali, ingawa biashara yake haikuwa na kasoro yoyote. Jambo hili linanikera mno, kwa kuwa rekodi inamtaja yeye kama mdaiwa asiyeaminika, na karani hatajwi popote.

Hata anayetoa hongo hasalimiki. Fedha hizo hazina risiti, kwa hiyo anapopeleka hesabu zake benki kuomba mkopo mkubwa zaidi, afisa wa mikopo huona faida ndogo isiyoelezeka na kumkatalia. Isitoshe, ili kufidia pengo, wengi hupunguza ubora wa bidhaa, na kwako wewe watakaoumia ni wagonjwa. Tena, Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inamtia hatiani mtoaji sawa na mpokeaji. Nazo benki, zikishaungua na mikopo ya namna hii, huwaogopa wafanyabiashara wadogo wote na kuona afadhali ziikopeshe serikali kupitia hati za hazina.

Kama wanakubali kupokea kwa awamu, anza na awamu ndogo utakayoimudu kwa akiba yako, na usipeleke ya pili kabla ya kulipwa ya kwanza. Kila ankara ibaki na nakala yenye mhuri na tarehe ya kupokelewa, kwa sababu ukiombwa chochote na ukaamua kuripoti kwa EACC, tume ya kupambana na ufisadi, karatasi hizo ndizo zitakazoonyesha ulivyocheleweshwa. Nitumie nakala ya LPO pamoja na masharti ya mkopo kabla hujatia sahihi, nami nitayasoma neno kwa neno.

Msalimie sana mama.

Rafiki yako wa daima