Mafuta kwenye figo ya mjomba

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi. Nimefurahi kusikia mjomba ametoka hospitali na anatembea mwenyewe. Swali lako, kwamba uvimbe uliotolewa umejaa mafuta na shangazi anamlaumu kwa kupenda vyakula vya kukaanga, nalijibu kwa kirefu kidogo, maana naona mzee anaonewa.

Seli za mirija ya figo hufanya kazi ngumu ya kurudisha sukari na chumvi kwenye damu, na nguvu zake nyingi huzipata kwa kuchoma asidi za mafuta ndani ya mitokondria, yaani vijitanuru vya nishati vya seli. Katika saratani ya seli angavu, aina aliyonayo mjomba na ambayo ni takriban robo tatu ya saratani za figo kwa watu wazima, uchomaji huo hufifia. Mafuta yanaingia, mengine seli inayatengeneza yenyewe, lakini hayachomwi. Yanabaki humo kama vitone, pamoja na kolesteroli.

Chanzo mara nyingi ni jeni iitwayo VHL, katika kromosomu ya 3. Oksijeni ikitosha, VHL husababisha protini za HIF, zile zinazoiandaa seli kuishi na oksijeni kidogo, zivunjwe. Ikiharibika, HIF hurundikana, na seli huishi kama mtu aliyekabwa koo ilhali hewa imejaa tele. HIF hupunguza CPT1A, kimeng'enya kinachofungulia asidi za mafuta njia ya kuingia mitokondria. Wakati huohuo HIF-2, mojawapo ya protini hizo, huongeza PLIN2, protini inayovizunguka vile vitone na kuvilinda. Hapo ndipo ugonjwa huu unaponishangaza: mafuta yakizagaa ovyo yangeidhuru seli yenyewe, kwa hiyo kuyafungia ghalani kunaisaidia kuishi.

Mafuta hayo yaliwahi kuwapoteza wakubwa. Mwaka 1883 Paul Grawitz, mtaalamu wa Ujerumani, aliona uvimbe wa figo wa manjano, uliojaa mafuta, akaamini umetokana na mabaki ya tezi ya adrenali, ile inayokaa juu ya figo. Dhana hiyo ilidumu miaka mingi. Nawe ukizitazama seli hizo kwa hadubini utaziona kama tupu, kwa sababu mafuta na glikojeni (sukari ya akiba) huyeyuka wakati maabara inaandaa kipande cha kupimwa.

Shangazi hajakosea kila kitu. Unene uliopitiliza huongeza hatari ya saratani hii, sawa na sigara na shinikizo la damu. Ila tafiti kadhaa zimekuta wagonjwa wanene wakiishi muda mrefu kuliko wembamba baada ya kugunduliwa, na wataalamu bado wanabishana kwa nini. (Usimwambie mjomba hilo, atadai sahani ya pili!) Kumnyima mafuta ili uvimbe ufe njaa, hapana, atadhoofika bure.

Kuhusu dawa, belzutifan huizuia HIF-2. Marekani iliidhinisha mwaka 2021 kwa wenye ugonjwa wa kurithi wa VHL, na 2023 kwa saratani ya figo iliyofikia hatua za juu, baada ya dawa nyingine kushindwa. Zinazolenga mafuta yenyewe bado zinafanyiwa utafiti.

Mkirudi kliniki, muulizeni daktari figo iliyobaki inafanyaje kazi na lini atapigwa picha tena. Na kama kuna ndugu mwingine aliyewahi kuugua figo hivi, mtajeni, ili aamue kama kipimo cha VHL kinahitajika.

Msalimie shangazi.

Wako,
Rehema