Mwachie viatu vyake

Shoga yangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Pale uliposema mtoto wa mdogo wako, unayemlea sasa, bado analala na viatu miguuni, nilishindwa kuendelea, nikaiweka kando. Mimi nililala hivyo nikiwa na miaka tisa, ili nikisikia mlango niwe tayari kukimbia.

Unamwita mkaidi, eti ukimgombeza anakukodolea macho tu kama hakusikii. Anakusikia, dada, ila mwili umeganda kwa woga. Mtoto aliyepigwa au kuchezewa muda mrefu hukaa macho saa zote. Ukiinua mkono kuchukua kikombe kabatini, yeye ameshajikunyata. Masomo yataingia wapi hapo? Kukojoa kitandani, majinamizi, hasira za ghafla, vyote huweza kutoka huko huko. Nakusihi usimchape.

Umeuliza ilikuwaje msijue kwamba anateswa. Mara nyingi anayemdhuru mtoto ni mtu anayemfahamu, tena anayeaminiwa nyumbani. Na nyumba ile alikotoka, ulivyoieleza, ulevi, mama naye anapigwa, ndugu wamekatazwa kufika, mtoto angemkimbilia nani? Hayo huongeza hatari, lakini lawama inabaki kwa aliyetenda.

Kuna utafiti wa Marekani uliohusisha watu wazima zaidi ya 17,000, matokeo yake yakaanza kuchapishwa mwaka 1998. Ulionyesha kwamba kadiri mtu alivyopitia madhila ya aina nyingi utotoni, ndivyo hatari ya sonona, ulevi, kujaribu kujiua, hata ugonjwa wa moyo, ilivyopanda ukubwani. Nilipousoma nililia, kisha nikapata nafuu, maana miaka yote nilidhani ni udhaifu wangu. Na mama mkwe wako anayesema mtoto huyu atakuja kuwaharibu wenzake, mwambie si kweli: wengi waliotendewa hivyo hawamtendei mtu.

Mimi aliniokoa jirani mmoja. Hakunihoji. Alikuwa akitaka kunishika, hata kunisuka tu, ananiambia kwanza. Basi nawe fanya hivyo. Ukitoka, mwambie utarudi saa ngapi, na urudi saa hiyo. Siku akianza kusema, msikilize bila kumkatiza, mwambie unamwamini na kosa si lake. Mtafutie pia mshauri nasaha aliyezoea watoto. Viatu mwachie, atavivua mwenyewe.

Nitakupigia Jumamosi usiku, akishalala.

Ni mimi, shoga yako.