Mistari minne, lakini minne ipi?

Mhariri,

Makala ya ukurasa wenu wa sayansi kuhusu resonansi ya spini ya elektroni ilieleza vizuri kwamba kifaa hugundua elektroni pweke, yaani isiyo na mwenzake. Iliteleza iliposema kuwa mistari minne kwenye spektra (mchoro unaotolewa na kifaa) ni dalili tosha ya radikali ya haidroksili (OH yenye elektroni pweke).

Radikali ya methili nayo ina minne. Protoni zake tatu (viini vya hidrojeni) zinafanana, hivyo uwiano wa maeneo ya mistari ni 1:3:3:1, na nafasi kati ya mstari na mstari ni kama mT 2.3 (militesla, kipimo cha uga wa sumaku). Shaba yenye chaji mbili, ikiwa kwenye mmumunyo, ina minne pia kwa kuwa spini ya kiini chake ni 3/2, na spini hiyo hugawa mstari mara nne. Hapo maeneo ni sawa, 1:1:1:1, ijapokuwa kwa macho mmoja ni mrefu na mwingine mfupi, maana upana unatofautiana. Basi pima eneo, usipime kimo. Tena kifaa huchora mteremko wa mstari, si mstari wenyewe; hesabu ya eneo hufanywa mara mbili.

Haidroksili yenyewe hufa upesi mno ndani ya maji, haionekani. Hunaswa kwa DMPO, kemikali inayoshikana na radikali, na tunachopima ni zao la muungano huo. Nitrojeni hugawa mstari mara tatu, kisha protoni moja hugawa kila mmoja mara mbili. Ilipasa iwe sita, ila migawanyo yote miwili ni takriban mT 1.49, kwa hiyo ya kati inalaliana: 1:2:2:1.

Na hata huo uwiano unaghilibu. Chuma chenye chaji tatu kinaweza kuibandika maji DMPO, ukapata mistari ileile bila haidroksili yoyote. Rudia kipimo ukiwa umetia ethanoli kwa wingi. Haidroksili ikiwepo kweli, ethanoli itaiwahi, radikali ya ethanoli ndiyo itakayonaswa na DMPO, na itatokea mistari sita (mT 1.58 kwa nitrojeni, 2.28 kwa protoni). Minne ikibaki kama ilivyokuwa, chanzo ni maji.

Moduleshoni, yaani mtikiso mdogo wa uga wa sumaku wakati wa kupima, nayo isizidi theluthi ya upana wa mstari. Ikizidi, mistari hunenepa na iliyokaribiana huungana.

Mchoro mliouchapa hauna mizani ya uga wa sumaku wala masafa ya mawimbi yaliyotumika. Kwa GHz 9.5, radikali ya DMPO hukaa karibu na mT 338, shaba karibu na 320. Tunaomba mwuchape upya, namba zikiwepo.

Wasomaji wenu, maabara ya kemia