Tangazo limebandikwa mlangoni Unguja, mimi niko Wete

Ndugu Mhariri,

Assalaamu alaykum. Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linalotusumbua wanafunzi wa vyuo vikuu hapa Zanzibar, hasa sisi tunaosoma huku tukiwa kazini na makaazi yetu yako Pemba.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi Wete. Nasoma katika chuo kimoja kilichoko Unguja, na mambo yangu mengi ya chuo hupita kwenye simu: kujisajili, kupata namba ya malipo ya ada, kutuma kazi za darasani, kutazama matokeo. Muhula uliopita, zikiwa zimebaki siku tatu usajili ufungwe, mfumo ukagoma. Naandika nywila, unazunguka, unakata. Nikadhani bando limekwisha, nikanunua jengine. Nikadhani simu yangu mbovu, nikaazima kompyuta ya mwalimu mwenzangu. Nikenda steshenari Chake Chake, kijana wa pale akajaribu mara nne, mwisho akaniambia, "Mwalimu, labda wamekufungia kwa ajili ya ada." Ada nilikuwa nimeshalipa na risiti ninayo, lakini usiku ule usingizi haukuja. Nilijiona nimekwisha kupoteza mwaka mzima.

Siku ya pili nikaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nikaliacha darasa la sita, nikateremka Mkoani kabla ya jua kutoka ili niiwahi boti.

Chuoni nikakuta karatasi imebandikwa kwenye mlango wa kitengo cha TEHAMA: "Mfumo uko katika matengenezo. Samahani kwa usumbufu." Haina tarehe, haina saa, haina namba ya simu. Khabari niliyokuwa naitafuta kwa siku mbili ilikuwepo, imeandikwa, imegundishwa mlangoni, na bahari iko katikati yangu na yake.

Kijana aliyenifungulia alikuwa na macho mekundu, na ilionekana hajalala. Alinikaribisha, akanieleza bila ya kunificha kitu. Umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu, betri za akiba zilikuwa zimeshachoka, seva ikazimika vibaya na diski zikaharibika. Walikuwa wakizirudisha taarifa kutoka kwenye nakala rudufu, tena polepole, wakiogopa kupoteza matokeo ya watu. "Lakini tuliwatumia wanafunzi wote baruapepe, mwalimu," akasema. Nikamuuliza baruapepe hiyo imepita wapi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema imepita kwenye seva hiyohiyo.

Simlaumu kijana yule, na sitaki barua hii isomwe hivyo. Watu wa TEHAMA wanakumbukwa siku mfumo unapoanguka tu. Ukisimama mwaka mzima hakuna anayewapa ahsante. Wakiomba betri mpya huambiwa bajeti haijatoka. Ninalolalamikia ni chuo kulihesabu suala la kuwaambia watu kuwa ni jambo la mwisho, la kufanywa na fundi yuleyule anayehangaika na diski, akipata nafasi.

Kukatika hatuwezi kukukimbia. Sisi ni watu wa visiwa, umeme wetu na intaneti yetu vinapita chini ya bahari. Unguja ilikaa gizani miezi mitatu hivi, tokea Disemba 2009 hadi Machi 2010, na watu wakaishi kwa jenereta na mishumaa. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti ziitwazo EASSy na SEACOM zilipata hitilafu baharini upande wa Afrika Kusini, intaneti ikazorota nchi nzima. Siku hiyo wengi wetu tulianza kwa kuzigonga simu zetu. Tulipokwishajua kuwa tatizo liko kwenye nyaya, tukaacha kununua mabando, tukajipangia mambo mengine. Mtandao ulikuwa bado mbovu, ila moyo ulikuwa umetulia, kwa sababu mtu alijua tatizo si lake.

Naomba wakuu wa vyuo wautazame pia mfano wa Facebook. Tarehe 4 Oktoba 2021 kampuni ile, yenye fedha na wahandisi ambao chuo chetu hakiwezi hata kuwaota, ilitoweka kwa saa sita hivi pamoja na WhatsApp na Instagram. Amri moja iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida iliukata mtandao wao wenyewe. Zana ambazo wahandisi wangezitumia kurekebisha zilikuwa zikitegemea mtandao huohuo, ikabidi watu waende wenyewe hadi kwenye majengo ya seva. Na walipotaka kuwaomba radhi watumiaji walipitia Twitter, kwa mshindani wao, maana kwao hakukuwa na mlango. Nawataja kwa sababu chuoni kwetu nikiuliza habari za matangazo, jawabu ni hili: "Yamo kwenye gurupu la WhatsApp la darasa." Siku ile magurupu yote yalikufa kwa pamoja. Na hata siku za kawaida, mwanafunzi asiye na bando hayaoni.

Ujumbe mfupi wa simu unaingia kwenye simu ya tochi, bila ya bando, Konde hadi Makunduchi. Redio nayo ipo. Bahari ikichafuka Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi, na mvuvi wa Kojani huipata redioni bila ya kuwa na tovuti wala nywila. Mwanafunzi anastahili angalau hivyo.

Ujumbe wenyewe usiwe wa samahani tupu. Useme nini kimeharibika na nini kinafanya kazi, maana huenda malipo yanapita na ni matokeo tu hayaonekani. Useme taarifa nyengine itakuja saa ngapi, na saa hiyo ikifika ije, hata kama jawabu ni "bado tunaendelea". Tena uandikwe kwa Kiswahili na kwa saa zetu. Niliwahi kuona tangazo la Kiingereza la matengenezo ya "2:00 mpaka 6:00". Mwenzangu akaelewa saa mbili asubuhi, akaharakisha kutuma kazi yake saa nane usiku, wakati ule ule walipozima.

Hapo kwenye matengenezo ya usiku nina la ziada, kwa sababu naona wapangaji hawalijui. Wao huchagua baada ya saa sita usiku wakiamini hakuna mtu. Kumbe ndiyo saa ya mabando ya usiku, ambayo ni rahisi, na wanafunzi wenye kipato kidogo hukesha ili wapakue masomo muda huo. Ukizima saa nane usiku umewazimia wao kwanza. Na Ramadhani, baina ya tarawehe na daku, nusu ya chuo iko macho inasoma. Kabla ya kupanga, wazitazame kumbukumbu za mfumo waone watu wanaingia saa ngapi, kisha watoe taarifa wiki moja kabla.

Na mfumo ukizimika siku mbili, muda wa usajili usogezwe siku mbili bila ya mtu kwenda kupiga magoti ofisini. Mimi nilitakiwa niandike barua ya maombi kueleza kwa nini nimechelewa, niieleze ofisi ambayo mfumo wake ndio ulionichelewesha. Niliiandika. Wako wenzangu walioshindwa kuvuka bahari kwa kukosa nauli, na sijui wao waliiandikia wapi.

Usajili wa muhula ujao utafunguliwa baada ya wiki chache, nami wiki hiyo darasa langu la sita lina mitihani. Namba zetu za simu chuo kinazo; tulizijaza kwenye fomu siku ya kwanza. Naomba zitumike.

Mwalimu na mwanafunzi,
Wete, Pemba