Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza: Madogo wetu wapimwe gerejini

Kwako Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

YAH: VYETI KWA VIJANA WALIOJIFUNZIA UFUNDI MAGARI MTAANI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni fundi wa injini hapa Mabatini, kwenye zile ambazo ofisini mnaziita gereji bubu. Sikuandikii kuomba eneo wala kulalamikia ushuru. Hayo tumeshayasema na tutayasema tena. Leo nawasemea madogo wanaoshika spana nyuma yangu.

Dogo wa gereji haanzi na injini. Anaanza kwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa, kutumwa spana namba 14 na kufokewa akileta 12, kulala chini ya Hiace ya daladala akibadilisha bushi huku mchanga ukimwingia machoni. Mshahara hana. Anapata hela ya kula, na kazi ikichanganya, nauli. Ikipita miaka, anajua mengi. Anausikia mlio wa beringi ya gurudumu na kuutofautisha na wa gia boksi. Akiona moshi wa bluu anajua oili inaungua, ringi zimechoka. Akiona mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto, na maji ya rejeta yanapungua, anaanza kuishuku gasketi ya silinda hedi, yaani ya kile kifuniko cha juu cha injini.

Halafu inatokea ajira. Kampuni moja ya mabasi ilimwita kijana wangu, ikampa gari lililokuwa limelala yadi, akaliwasha. Waliporudi mezani wakamwuliza cheti. Hana. Akachukuliwa mwingine. Nao siwalaumu sana, maana ajali ikitokea hakuna atakayeuliza kama fundi ana masikio mazuri. Wataulizwa walimwajiri kwa karatasi gani.

Dawa ipo, Mheshimiwa, na haihitaji sheria mpya. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia nje ya chuo: unapimwa, unaongezewa unachokosa, unapewa cheti. Chuo chao kiko Nyakato, hapo tu juu. Mbona madogo hawaendi? Siku ya kwenda kuuliza fomu ni siku ya kutokula. Ada ni mtihani wa kwanza. Na wengi waliishia darasa la saba. Ukimtajia mtihani wa kuandika, kesho humwoni gerejini.

Kwa hiyo naomba wapimaji waletwe kwetu. Mabatini, Nyakato, Igoma, Kirumba, mafundi tumekaa makundi makundi, hatutafutwi kwa tochi. Waje Jumapili, siku ambayo kazi ni chache, wampe kijana injini mkononi na wamhoji kwa Kiswahili. Najua VETA iko chini ya Wizara ya Elimu na si ya mkoa. Lakini ukiwaita mezani pamoja na Jiji na Manispaa ya Ilemela, watakuja.

Wala sitaki cheti cha huruma. Kuna mambo tunarithishana vibaya, na hapo ndipo mwalimu anahitajika. Silinda hedi hukazwa kwa mpangilio, kwa kawaida kuanzia katikati kwenda nje, kwa spana inayopima nguvu. Sisi wengi tunakaza kwa kipimo cha mkono, na gasketi ikiungua tena tunasingizia spea feki (ambazo nazo zipo, tusidanganyane). Halafu kuna haya magari ya haibridi, yanayotumia injini pamoja na mota ya umeme. Toyota Prius ilianza kuuzwa Japani mwaka 1997, sasa wenzake wanatufikia wakiwa wamezeeka na matatizo yao. Betri tuliyoizoea ni ya volti 12. Ile kubwa ya haibridi inapita volti 200, na nyaya zake za rangi ya chungwa hazishikwi kwa mazoea: unazima gari, unachomoa plagi ya usalama ukiwa na glovu za kazi hiyo, unasubiri kama dakika 10 umeme uliobaki uishe, kisha unapima kwa mita ndipo uguse. Hili dogo hawezi kujifunza kwa kukosea. Hatapata nafasi ya pili.

Oili chafu nayo iwemo kwenye mafunzo. Mto Mirongo unapita hapa kwetu na kuishia ziwani, na maji ya kunywa tunayatoa ziwa hilohilo.

Kuhusu fedha, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, 4 kati yake kwa vijana. Madogo wakiwa na cheti na kikundi kilichosajiliwa, wakope mashine ya kupimia hitilafu. Leo tunaikodi kwa mtu, naye huja anapojisikia.

Mkitaka pa kuanzia, anzeni kwangu. Hata gari la mtihani lipo: Noah imelala hapa injini iko chini, na mwenyewe hajaleta hela ya ringi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Fundi wa injini, Mabatini, Mwanza