Sivii yako nimeisoma, hiyo miaka ya Gangilonga umeificha wapi?

Kamwene shosti,

Za huko, shangazi anaendeleaje na miguu yake? Huku Mbeya baridi imeanza kung'ata, asubuhi Uyole hakutokeki bila koti, ila nyie wa Iringa na upepo wenu najua mnatucheka tu. Sivii uliyonitumia wasap, ya kuombea ile kazi ya kambi ya wageni mbugani, nimeipata, nimeisoma jana usiku watoto walipolala, nikaona nikuandikie kirefu maana voisi zangu we unazisikilizaga nusu.

Sasa mbona hapo katikati kuna shimo? Diploma umemaliza, fildi halmashauri ipo, halafu kimyaaa mpaka leo. Mtu asiyekujua akisoma atajua ulikuwa umekaa ndani unaangalia tamthilia. Wakati mi najua muda wote huo ulikuwa unaendesha zile nyumba mbili za uani kwa shangazi hapo Gangilonga, mnazokodisha kwa wageni kupitia app ya Airbnb, wageni wanaingia wanatoka, mara wazungu wa Ruaha, mara wale watafiti wa chuo waliokaa mwezi mzima, unaamka saa kumi usiku kuwafungia chai watu wanaowahi mbugani kilomita 130 huko, unapiga simu kwa dereva, unahakikisha simtanki ina maji. Eti "si ni Airbnb tu ya shangazi". Tu?? Angekuwa anafanya hayo mtu wa hoteli yenye geti na bango ungemwita meneja.

Unajua hapa ofisini barua za maombi zinapita mkononi kwangu kabla hazijafika kwa bosi, kwahiyo nakwambia ninachokiona. Watu wa hii kazi ya kupangisha wageni wako wa aina mbili. Kuna wanaoficha kama wewe, na kuna wanaovimbisha, yuko mmoja aliandika ni Mkurugenzi Mtendaji wa kampuni ya malazi, kuuliza kumbe ni chumba kimoja Mwanjelwa, bosi kacheka mpaka machozi na barua ikaenda pembeni. Na kama aliandika kampuni wakati BRELA kwa wasajili wa kampuni hakuna jina lolote, hapo sio kuvimbisha tena, ni uongo na mtu anaweza kuangalia. We andika cheo kinacholingana na kazi, msimamizi wa malazi ya muda mfupi, chini yake nyumba mbili, Gangilonga, Iringa, kwa niaba ya mwenye nyumba, mwezi na mwaka ulioanza mpaka sasa. Hiyo "kwa niaba ya mwenye nyumba" usiitoe, inaonyesha umeaminiwa mali ya mtu na hela ya mtu, na hakuna atakayekuja kukushika kwamba nyumba sio yako. Kwa kiingereza cha sivii utaiweka mwenyewe, kiingereza chako kinanishinda mimi.

Kikubwa ninachotaka ukielewe ni kwamba anayesoma hataki kusikia habari za app, anataka kujua ulikuwa unafanya nini. Wewe umeandika kwenye ile rasimu ya kwanza "nina uzoefu wa Airbnb" ukaweka nukta. Bosi wangu ana miaka hamsini na kitu, hajawahi kulala kwenye nyumba ya hivyo, hiyo Superhost uliyoibandika peke yake juu kabisa atadhani ni basi la Tunduma. Usiitoe, ila mweleze. Kwamba ni daraja ambalo Airbnb wanampa mwenyeji bora, linakaguliwa kila baada ya miezi mitatu, wanaangalia mwaka mzima uliopita, lazima uwe umepokea wageni angalau mara 10, au bukingi 3 zenye jumla ya usiku 100 (wale watafiti wako walikubeba hapo), wastani wa nyota usishuke chini ya 4.8 kwenye 5, meseji ujibu kwa asilimia 90 ndani ya saa 24, na bukingi unazozikansel wewe mwenyewe ziwe chini ya asilimia 1. Mistari miwili inatosha. Mtu akishasoma hivyo anaelewa kwamba huyu dada anajibu simu, hasusi wateja, na ana uvumilivu, ambacho ndo wanachokitafuta kwenye hiyo kambi unayoomba.

Na rivyu usiziogope kuzitaja. Mgeni akiondoka ana siku 14 za kuandika, na wewe pia una siku 14, na hakuna anayeona cha mwenzie mpaka wote wawili muwe mmeandika au siku ziishe, kwahiyo sio kwamba ulimbembeleza mtu akusifie. Ila usije ukapiga skrinshoti zenye majina na picha za wageni ukaambatanisha, nimeona mtu amefanya hivyo, sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tunayo tangu 2022 na hata isingekuwepo sio ustaarabu. Andika wastani na idadi, basi.

Namba sasa, hapa ndo umelala kabisa. Lile daftari lako la kaunta buku umelitupa? Ingia kwenye profaili yako ya Airbnb toa usiku uliouza mwezi kwa mwezi. Nyumba 2 mwezi wa siku 30 ni usiku 60 wa kuuza, kama uliuza 39 hiyo ni asilimia 65, watu wa hoteli wanaita okupansi na ndo kitu cha kwanza wanachoulizana wakikutana. Usitafute wastani wa mwaka mzima ukaridhika, tenganisha msimu, maana Juni mpaka Oktoba Ruaha ikikauka wanyama wanasogea mtoni na wageni wanajaa, halafu masika ikifika kunapoa. Mwaka wa pili we si ndo ulishusha bei ya masika ukaanza kuchukua watu wa miradi na wa chuo wanaokaa wiki tatu nne? Uliniambia kama umbea tu, ila shosti huo ni uamuzi wa biashara, iandike hivyohivyo, kwamba msimu wa mvua ulikuwa mtupu, ukabadilisha bei na aina ya mgeni, na namba zikapanda kutoka ngapi kwenda ngapi. Usikadirie, toa iliyopo kwenye rekodi, kwasababu wakikuita intavyu watakuuliza umeipataje na ukianza kujiumauma hapo umeisha.

Mengine taja kwa kifupi, usafi, manunuzi, luku, kumlipa yule mama wa mashuka kila Jumamosi. Huyo mama na kijana wa bustani ni watu wawili uliokuwa unawasimamia, hesabu wawili usiseme timu.

Kuna lile la yule mgeni aliyelalamika mbwa wa jirani usiku kucha na asubuhi anataka kuhama, ukamrudishia hela ya usiku mmoja ukamhamishia nyumba ya nyuma na bado akakupa nyota tano. Hilo usiliandike kwenye sivii, litunze la intavyu. Wakikuuliza "tueleze siku ulipokuwa na mteja mgumu", na wanaulizaga hilo kila mahali, wewe una la kwako na halijakopwa mtandaoni.

Wadhamini. Umemweka shangazi wa kwanza. Mna jina moja la ukoo jamani! Mtu akiona tu anajua hapa ni undugu, na hata shangazi akisema kweli tupu haina uzito. Mwache kama mwenye mali, awepo wakitaka kuthibitisha, lakini wadhamini weka wale waliokuona ukifanya kazi bila kuwa ndugu. Yule mratibu wa shirika aliyekuwa anakuletea wajitolea kila mwaka yuko wapi? Na mhadhiri aliyewapokea watafiti? Yule dereva wa Land Cruiser naye kwa kambi ya mbugani anaweza kuwa na nguvu kuliko mhadhiri, wale wanajuana. Wapigie kwanza uwaombe, usimshtukize mtu na simu ya ajira akiwa sokoni.

Halafu umeniambia unatuma hiyohiyo pia kwa ile nafasi ya msaidizi wa hesabu. Usitume hiyohiyo. Kule wageni na chai ya alfajiri haviwahusu, kule peleka mbele daftari, malipo yanayoingia kwa dola na matumizi ya shilingi, jinsi ulivyokuwa unamfungia shangazi mahesabu kila mwisho wa mwezi, na TIN kama mnayo. Kama hamna, mwambie shangazi ashughulikie kabla hujaitwa, maana mhasibu atauliza kodi kabla hajakuuliza jina. Na zile za serikali za Ajira Portal ndo kabisa, pale wanaangalia vyeti kwanza, wanataka wadhamini watatu, Gangilonga iweke tu kuziba pengo na usiitegemee ikubebe. Kwa kambi ndo itakubeba.

Kitu kingine nimekumbuka, VETA wana ule utaratibu wa kurasimisha ujuzi, kwamba mtu aliyejifunzia kazini bila kukaa darasani anapimwa anapewa cheti, na mambo ya hoteli na mapishi yamo. Siku ukishuka mjini waulize wa hapo Iringa wanapima lini. Sio lazima kwa hii ya sasa, ila bosi wangu karatasi yenye muhuri anaipenda sana na nadhani wa kwako hatakuwa tofauti.

Nirekebishie unitumie kwa Word sio PDF niweze kuichokoachokoa, na iwe kurasa mbili, ile picha ya harusini toa. Ukiwahi kabla ya Ijumaa nitaiprinti hapa ofisini niisome kwa kalamu nyekundu. Msalimie shangazi, mwambie mchele wa Kyela nimeshamnunulia, natafuta tu mtu wa kumpa kwenye basi.

Wako,
Shoga yako wa Uyole