Barua kwa wanaotafuta kikundi cha kuwasaidia kuacha pombe

Wanangu,

Nawasalimu nyote. Barua hii ni yenu mnaosema, "Nilikwenda mkutanoni mara moja, sikupapenda, basi." Ni yenu pia ambao hata hiyo mara moja bado, kwa kuogopa kuonekana. Pombe niliiacha miaka mingi iliyopita, na kikundini kwetu kazi yangu ni kukaa mlangoni kupokea wageni. Wanaoniumiza moyo ni wale ambao kikundi cha kwanza hakikuwafaa, wakaamua kwamba hawataweza kuacha kunywa. Kikundi kimoja ni kikundi kimoja tu. Tafuteni kingine.

Lakini afya kwanza. Ikiwa ukiamka mikono inatetemeka mpaka unywe, jasho linakutoka, au uliwahi kushikwa na kifafa ulipojaribu kuacha, usikate pombe ghafla ukiwa peke yako. Nenda kwa daktari. Mwili uliozoea pombe nyingi kila siku ukinyimwa mara moja unaweza kupata kifafa ndani ya siku mbili za mwanzo, kisha ukachanganyikiwa na kuona visivyokuwapo, na hali hiyo huua. Dawa zake zipo hospitalini, hazipo mkutanoni. Na mwanakikundi akikwambia uache dawa ulizoandikiwa na daktari, mkatalie, hata kama hajagusa pombe kwa miaka 20.

Sasa vikundi. Kilichoenea zaidi duniani ni Alcoholics Anonymous, kilichoanzia Akron, Marekani, mwaka 1935. Mmoja wa waanzilishi wake, Bill Wilson, alikuwa ameacha pombe kwa miezi michache, yuko ugenini, biashara imemharibikia, na kiu imemrudia. Akatafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye, akakutanishwa na daktari Bob Smith, aliyekuwa bado anakunywa. Hakwenda kama mwalimu. Alikwenda kwa kuwa yeye mwenyewe alimhitaji mtu. Ndiyo maana nawaambia msiogope kuwa mzigo mtakapofika: mgeni anamsaidia mwenyeji kubaki bila kunywa.

Sharti la kujiunga ni nia ya kuacha kunywa. Ada hakuna, mchango hupitishwa, na asiye na kitu hatoi. Jina la kwanza linatosha. Ulizeni mapema kama mkutano ni wa wazi, ambao hata ndugu anaweza kuhudhuria, au ni wa wenye tatizo la pombe peke yao. Mwenye hofu aanze na wa wazi, aende hata na dada yake. Ila mambo mazito, yale ambayo hujamwambia mtu, mara nyingi utayasema kwa urahisi zaidi katika ule wa wenye tatizo tu. Mikutano nayo hutofautiana: kwingine mtu mmoja husimulia maisha yake, kwingine kila mtu huzungumza kwa zamu, kwingine husomwa na kujadiliwa hatua 12 za kuacha pombe ambazo Alcoholics Anonymous huzifuata. Ipo ya wanawake watupu, na ipo ya kwenye simu kwa aliye mbali au mgonjwa.

Hatua hizo zinamtaja Mungu, kila mtu kwa jinsi anavyomwelewa. Mimi ni mtu wa sala, zilinifaa. Asiyeziweza asirudi baa kwa sababu hiyo. Vikundi vingine vipo. SMART Recovery, iliyoanza 1994, hufundisha mazoezi ya kuzitambua fikra zinazokupeleka kwenye chupa na kuzishinda. Women for Sobriety ilianzishwa na Jean Kirkpatrick mwaka 1975 kwa ajili ya wanawake. Mwaka 2020 wataalamu wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, walipitia tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000, wakaona kwamba programu zinazowasindikiza watu kuingia Alcoholics Anonymous ziliwasaidia kukaa bila pombe kabisa angalau sawa na tiba nyingine, na mara nyingi kuzishinda. Nalitaja hilo kwa sababu wapo wanaodhani tunakaa kupiga soga tu.

Mtajuaje kwamba kikundi kinafaa? Mimi hutazama jambo moja kuliko yote: mtu akisema kwamba jana alikunywa, wenzake wanafanyaje? Wakimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza wala kumkaripia, kaa hapo. Wakimcheka, au habari zake zikimtangulia mtaani, ondoka. Ondoka pia penye mkubwa mmoja asiyepingwa, na penye anayekukopa au kukuomba fedha. Mabinti zangu, mwanamume anayewakimbilia siku ya kwanza kwa namba ya simu na maneno matamu, mkwepeni. Mtafuteni mlezi, yaani mwanakikundi wa kuwaongoza, awe mwanamke aliyekaa muda mrefu bila pombe. Wavulana nao watafute mwanamume mwenzao.

Hudhurieni kama mara sita, ikiwezekana katika vikundi tofauti, ndipo mwamue. Mkutano ukiisha msikimbie. Dakika zile za kukunja viti ndipo watu hupeana namba na kuulizana hali kwelikweli.

Familia zenu nazo zina pa kwenda: Al-Anon, tangu 1951, ni ya ndugu na wenzi wa wanywaji, na wanaweza kwenda hata kama ninyi bado mnakunywa.

Na ukiteleza, njoo. Ukija umelewa, kaa usikilize, usizungumze siku hiyo, usiendeshe gari, na kabla ya kutoka mwombe mtu mmoja akupigie simu kesho asubuhi.

Ni mimi mzee wenu